Aliyepona Ndiye Anayehojiwa: Jibu kwa Msomaji wa Mikindani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Mikindani. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti na mara kwa mara hutoka usiku na wavuvi wa dagaa. Tangu tununue king'amuzi, yeye na kijana wetu wa miaka 13 hawakosi vipindi vya uchunguzi wa ajali za ndege, na vile vya watu walionusurika baharini au porini. Nikimwambia abebe jaketi okozi ananijibu kwamba ameshajifunza ya kutosha kwenye TV: mwenye kutulia ndiye anayepona. Kijana naye ameanza kusema hivyo hivyo. Je, vipindi hivi ni vya kweli? Vinafundisha, au vinawapa watu ujasiri wa bure? Na mtoto nimzuie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu hayo maneno ya mumeo nimeyasikia Msangamkuu, nimeyasikia Sudi, nimeyasikia hadi Kilwa Masoko, na kila mara msemaji alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Miaka niliyofanya kazi kwenye boti zilizohudumia meli za utafutaji gesi huku kusini, na baadaye nilipokuwa nawafundisha wavuvi kujiokoa, hakuna maneno yaliyonipa taabu kama hayo. Si ya uongo. Ni nusu ya maneno, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uhai wa mtu ndani yake.

Kwanza ukweli wa vipindi vyenyewe. Vile vya uchunguzi wa ndege, hasa kile cha Wakanada kilichoanza mwaka 2003 ambacho kila nchi inakionyesha kwa jina lake, hutegemea ripoti rasmi. Maneno ya marubani unayoyasikia yakisemwa na waigizaji mara nyingi yametoka kwenye kinasa sauti, kile kisanduku kiitwacho cheusi ingawa rangi yake ni ya chungwa, ili kionekane kwa urahisi kwenye mabaki. Kinachopindwa ni muda. Uchunguzi wa mwaka mzima au zaidi unabanwa kwenye dakika 45, na kazi ya makumi ya watu anapewa mchunguzi mmoja anayekaa peke yake usiku mpaka jibu linamjia. Ndege ya Air France iliyoanguka Atlantiki mwaka 2009, visanduku vyake vilipatikana baada ya karibu miaka 2, chini ya maji ya kina cha karibu mita 4,000. Kwenye TV miaka hiyo 2 hupita kabla chai haijapoa. Hilo silioni kuwa kosa kubwa, mradi mtazamaji alijue.

Vya kunusurika ni habari nyingine. Pale kwenye kiti cha mahojiano anakaa aliyepona. Anaulizwa ulifanyaje, anajibu: nilitulia, nikamwomba Mungu, nikawakumbuka wanangu. Hasemi uongo. Ila jirani yake kwenye safari ile, ambaye naye alitulia, akamwomba Mungu na kuwakumbuka wanawe, hakupona, na hakuna kamera itakayomfikia. Kwa hiyo ukitazama mia moja ya vipindi hivyo utaona watu mia moja waliotulia wakapona, na utaamini utulivu ndio dawa. Mwenye kuwasemea waliokufa ni mchunguzi peke yake. Anapima miili, anachora nani alikaa wapi, nani alikutwa wapi, nani alikuwa amevaa nini. Ndiyo maana nawaambia watu: kipindi cha kunusurika kitazame kwa jicho la mchunguzi.

Nikupe mfano wa jirani zetu. Ukitoka hapo Mikindani ukaelekea mashariki, ukapinda kidogo kusini, unafika Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilitekwa na watu 3 waliotaka kupelekwa Australia. Rubani akawaambia mafuta hayatafika, hawakumsadiki. Mafuta yakaisha kweli, na ndege ikashukia majini mbele ya ufukwe wa kaskazini mwa kisiwa, watu wa hotelini wakiiona. Ndani walikuwa 175. Waliopona ni 50.

Sasa sikiliza sehemu ambayo aliyepona hawezi kukueleza vizuri. Baadhi ya waliokufa hawakuuawa na kishindo. Walikuwa wamevaa majaketi yao, wakavuta kamba na kuyajaza upepo wakiwa bado wamekaa vitini. Maji yalipoingia, jaketi likafanya kazi yake: likawainua. Likawainua hadi juu ya kabini, wakanasa pale, na mlango ukawa chini yao. Mtu aliyejaa upepo hawezi kupiga mbizi. Walikuwa na kifaa sahihi, na huenda walikuwa watulivu kuliko mimi na wewe, ila kamba waliivuta mapema mno. Tangazo lile la wahudumu, kwamba jaketi lijazwe upepo wakati wa kutoka nje, watu wengi hulipita wakichezea simu.

Mimi hilo nililijua kwa mwili wangu kabla sijalielewa kwa akili. Kazi ya gesi ilitulazimu kupita mafunzo ya kutoka kwenye helikopta iliyozama. Wanakufunga mkanda ndani ya bodi ya helikopta, wanaishusha kwenye bwawa, kisha wanaipindua. Maji yanaingia puani, juu panakuwa chini, macho hayaoni isipokuwa mapovu. Mara ya kwanza nilifanya kile ambacho mwili unataka: nilifungua mkanda. Nikaelea, nikagonga kichwa, nikapoteza dirisha lilipo, na mpiga mbizi akanitoa kwa kunishika ukosi. Mwalimu hakunigombeza. Alinirudisha, akauweka mkono wangu mmoja kwenye fremu ya dirisha na mwingine kwenye kifungo cha mkanda, akasema: usiachie dirisha, ngoja bodi iache kuzunguka, sukuma kioo, halafu ndipo ufungue mkanda. Mara ya nne nilitoka mwenyewe. Na utulivu ninao tangu siku hiyo, lakini angalia ulikotoka. Ulitoka kwenye mkono uliokuwa umeshajua pa kushika. Nilipojaribu kutulia bila kujua pa kushika, nilikuwa nazama kwa utulivu.

Kwa wavuvi wetu maana yake ni hii. Majaketi yetu mengi ni ya povu, hayana kamba ya kuvuta, yanaelea wakati wote. Basi asilivae mtu akiwa amelala ndani ya kibanda cha boti au chini ya turubai lililofungwa. Alivae akiwa wazi, juu. Na lisikae chini ya nyavu. Nimepanda boti zaidi ya moja ambako majaketi yapo, mapya, yamefungwa kwenye mfuko wake wa plastiki, chini ya kilo 200 za nyavu mbichi, kwa ajili ya kumwonyesha mkaguzi.

Mumeo ni fundi, kwa hiyo kuna kisa kimoja ningependa akitazame peke yake. Juni 1990, ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kwenda Malaga ilifumuka kioo cha mbele ikiwa angani, na rubani mkuu akavutwa nje nusu mwili. Wenzake walimshika miguu hadi ndege ikatua Southampton, naye akapona. TV inapenda sana hiyo miguu. Wachunguzi wao waliziendea bolti. Kioo kilikuwa kimebadilishwa saa 27 tu kabla ya safari, na kati ya bolti 90 zilizokifunga, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Fundi alichukua bolti ya zamani, akaenda stoo, akalinganisha kwa macho.

Wangeweza kuishia hapo na kumlaumu. Lakini sheria ya kimataifa ya uchunguzi wa ajali za ndege, iliyo chini ya Mkataba wa Chicago, inasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Kwa hiyo waliuliza kwa nini ilikuwa rahisi kukosea. Ilikuwa usiku wa manane, watu walikuwa wachache zamu ile, mwanga pale penye droo ulikuwa hafifu, na hakuna mtu wa pili aliyetakiwa kuikagua kazi hiyo. Hata bolti alizozifungua fundi, nyingi zilikuwa zenyewe si za saizi sahihi. Yaani kosa lilikuwa limelala pale tangu zamani likingoja usiku mmoja.

Mwombe mumeo akumbuke ni mara ngapi amelinganisha nati au bomba la mafuta kwa macho, kwa tochi ya simu, nahodha akimharakisha kwa kuwa maji yanakupwa. Simlaumu, nimefanya hivyo mimi mwenyewe. Sisi hapa boti ikizama tunatafuta mtu: nani alikuwa usukani, kama alikuwa amelewa, au kama kuna aliyemfanyia kitu. Akishapatikana mtu, kazi imekwisha, na ile nati nyembamba inabaki stoo ikimsubiri fundi mwingine. Ukiniuliza vipindi vya uchunguzi vina faida gani kubwa, nitakujibu kwamba vinamfundisha mtu kuuliza swali la pili. Rubani alikosea, sawa. Kwa nini kosa hilo liliwezekana?

Narudi kwenye bahari yetu. Vipindi vingi vya kunusurika vimepigwa kwenye maji ya baridi, ambako mtu anakufa kwa baridi muda mfupi tu baada ya kutumbukia. Maji ya Mtwara na Lindi yana nyuzi joto kati ya 25 na 29 hivi mwaka mzima. Hayaui haraka namna hiyo, ingawa ukikaa usiku kucha yatakunyonya joto taratibu na utatetemeka. Adui zetu ni uchovu wa mikono, jua na kiu. Maji ya bahari mtu asiyaguse hata akiona wenzake wanakunywa: lita moja ina karibu gramu 35 za chumvi, na figo itahitaji maji mengi kuliko hayo uliyokunywa ili kuitoa. Kunywa mkojo, ambako TV inakushabikia, kunaleta chumvi ile ile kwa mlango wa nyuma.

Adui mwingine ni mkondo. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka upande wa Madagaska unagonga pwani yetu karibu na mpaka wa Msumbiji, kisha unagawanyika. Tawi moja linashuka kusini. Jingine linapanda kaskazini kupitia Mtwara, Lindi, Kilwa, Mafia, na wakati wa kusi, upepo utokao kusini, linakwenda kwa nguvu zaidi kwa sababu upepo huo unalisukuma mgongoni. Tarehe 30 Juni 2009, ndege ya Yemenia ilianguka karibu na Ngazija ikiwa na watu 153. Siku chache baadaye miili na vipande vya ndege vilikutwa Mafia, zaidi ya kilomita 500 kutoka pale. Aliyepona alikuwa mmoja tu, binti wa miaka 12, Bahia Bakari. Hakuwa na jaketi na kuogelea alikujua kidogo tu. Alishika kipande cha ndege usiku kucha hadi jua likawa juu na meli ikamwona. Nahodha yeyote wa Mikindani anayelisikia hilo la Mafia anaelewa mara moja mashine ikizima usiku atapelekwa wapi.

Mjomba wangu alitoka Sudi msimu wa kusi, mashine ikazima. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda upande wa Mtwara, na sisi, kwa mapenzi na ujinga, tukamtafuta upande wa Mtwara siku 2. Siku ya 3 wavuvi wa Kilwa wakamkuta akielea upande wao, midomo imepasuka, ngozi ya mabega imebanduka, lakini hai. Msikitini alihojiwa na kila mtu, naye akasema: nilitulia. Mimi nikamuuliza alikunywa nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mkewe alimtilia dumu la maji kwa nguvu asubuhi ile, na yeye alikataa kulibeba kwa kuwa linachukua nafasi, na mke akaenda kuliweka mwenyewe ndani ya mashua akiwa amelowa hadi kiunoni. Dumu la lita 20. Nakusimulia wewe, mwanangu, kwa kuwa unaniuliza kama mke ana neno la kusema katika jambo hili.

Kwa hiyo usibishane na mumeo tena kuhusu kutulia. Mkubalie, kisha umuulize atatulia akiwa ameshika nini. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko sawasawa linainua karibu kilo 19, na jaketi la kawaida huinua kilo 10 hadi 15. Kwa hiyo dumu linatosha, hata kwa watu 2. Tatizo lake ni mikono: saa ya tatu vidole vinaachia vyenyewe, na mtu akizimia dumu linakwenda zake. Jaketi humshika hata akiwa hajitambui. Kama boti haina majaketi ya kutosha, basi kila dumu lifungwe kitanzi cha kamba kinachopita chini ya makwapa, na lisifungwe kwenye boti, maana boti ikienda chini litakwenda nalo. Na wewe ujue mambo matatu kabla hajatoka: wanakwenda mwamba gani, wako wangapi, na saa ngapi ukiwa hujamwona uende kuwaambia BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, na polisi. Ukifika huko, kama ni kusi, sema wazi kwamba watafutwe kaskazini.

Kuhusu kijana, usimzuie. Miaka 13 inatosha, mradi asitazame peke yake usiku wa manane na asiwe ameanza kuota ndoto za maji. Mtoto anayetazama na baba yake na kuuliza maswali anapata kitu ambacho mimi nilikipata nikiwa na miaka 30. Ila umpe cha kufanya kwa mikono. Chukua kopo tupu la maziwa, liweke ndani ya ndoo ya maji likiwa limeinama, mdomo chini. Litaelea, kwa sababu hewa imenaswa ndani. Mwambie hiyo ndiyo MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Tumbo la meli lilikuwa juu ya maji, na ndani kulikuwa na watu wakigonga. Kisha mpe msumari atoboe kopo upande wa juu, na mtazame wote wawili hewa ikitoka kwa mlio mdogo na kopo likizama. Waokoaji waliitoboa meli kwa nia njema kabisa. Hewa ikatoka, maji yakapanda, meli ikaenda chini. Waliokufa katika ajali ile ni zaidi ya 800.

Halafu mwambie kwamba Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ukara, mhandisi wake alikutwa hai baada ya karibu siku 2 ndani ya mfuko wa hewa kama ule wa kopo. Acha alifikirie peke yake. Mtoto wa pwani anayejua kwa nini kopo linazama, siku moja anaweza kuwa wa kwanza kufika kwenye chombo kilichopinduka. Ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai.

Jambo moja la mwisho mnaloweza kulifanya wote watatu. Kipindi kikifika kwenye matangazo, kabla wachunguzi hawajatoa jibu, zima sauti. Kila mmoja aseme anadhani kilichotokea ni nini, na kwa nini kiliwezekana. Atakayesema "rubani alikuwa mzembe" aulizwe tena. Halafu umuulize mumeo kama ile droo yake ya nati na bolti imepangwa kwa saizi, na kama ina taa.